Kuku wa Singida na Siri ya Manyoya Yao

Kila aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Mwanza na Dar es Salaam anaijua Singida, hata kama hakuwahi kulala huko. Basi likisimama tu, madirishani hutokea asali, vitunguu, mafuta ya alizeti na kuku. Kuku wa Singida wana jina kubwa nchini. Wengi wao huanza safari wakiwa wamesongamana ndani ya matenga, na baada ya kilometa karibu 700 hushushwa Dar es Salaam, ambako mwenye hoteli na mama wa nyumbani huwalipia bei nzuri kwa sababu ni "kienyeji halisi".

Safari hii hatukupita. Tulishuka, maana tulitaka kuwaona kuku hawa wakiwa kwao, na kuzungumza na akina mama wanaowafuga.

NJIA YA KUFIKA

Ukitokea Dodoma, safari ni ya kama kilometa 240. Barabara hupita katika tambarare ya Bahi penye majaruba ya mpunga, hufika Kintinku, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Ukishapanda, utahisi hewa imebadilika. Mbele ni Ikungi, na baadaye huanza kuonekana yale mawe makubwa ya Singida yaliyobebana kana kwamba yamepangwa na mikono ya watu. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, kandokando ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Upepo huvuma karibu siku nzima. Mwezi wa Juni na wa Julai usiku ni wa baridi, nawe mgeni usiyebeba sweta utajuta.

Nchi hii ni kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Watu hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti. Kwa kuku, nchi ya namna hii si mbaya hata kidogo. Kuna punje zinazodondoka wakati wa kupura, kuna mashudu ya alizeti, na kuna mchwa wanaochimbuliwa kwenye vichuguu. Ng'ombe ni mali ya baba, na mauzo yake hujadiliwa na wanaume. Lakini kuku, katika nyumba nyingi, ni wa mama. Humo hutoka sare za shule, madaftari, nauli ya kwenda zahanati na chumvi ya mboga. Kwa hiyo tukizungumza habari za kuku tunazungumza habari za mkoba wa mama.

UANI KWA MAMA MMOJA

Katika kijiji kimoja upande wa Ikungi tulikaribishwa na mama wa makamo, mama wa watoto watano. Tulipomwamkia, "Shikamoo mama," aliitika, "Marahaba wanangu, karibuni, kuku bado hawajafunguliwa." Akaufungua mlango wa kibanda cha udongo, nao wakatoka mmoja mmoja.

Alitangulia jogoo mwekundu, shingo ya dhahabu, mkia mweusi wenye kung'aa kijani. Nyuma yake wakafuata tetea wa kila namna: wawili wa rangi ya udongo, mmoja mweusi tititi, wawili wenye milia myeusi na myeupe mwili mzima, mmoja wa kijivu kama majivu ya jikoni, na mmoja mwenye kishungi kichwani kama amevaa kofia. Alikuwapo kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni. Na mwisho kabisa akatoka kidimu, ambaye manyoya yake yote yamepinda kuelekea nje, utadhani amepigwa na upepo wa Singida tangu utotoni.

"Hawa wote ni ukoo mmoja," mama alisema akicheka. "Bibi yao mmoja, nilipewa na mama mkwe nilipoolewa. Nielezeni nyinyi mliosoma, kwa nini hawafanani?"

Ni swali zuri, na linastahili jibu la kueleweka. Tena jibu lake lina faida mfukoni, kama tutakavyoona.

URITHI HUJA WAWILI WAWILI

Kuku wote wa nyumbani asili yao kubwa ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Jogoo wa porini huko hafanani sana na kuku wa kigeni weupe wa mabanda. Anafanana na yule jogoo mwekundu wa mama yetu wa Ikungi, na tetea wake ni wa rangi ya udongo, rangi inayomficha anapoatamia. Rangi nyingine zote na maumbo mengine yote ya manyoya yalitokea baadaye, yakahifadhiwa na binadamu.

Je, sifa hizi hupitaje kutoka kwa wazazi kwenda kwa vifaranga? Aliyegundua kanuni zake ni mtawa mmoja, Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri ya Brno, mji ulioko sasa katika Jamhuri ya Cheki. Yeye alitumia njegere, akachapisha matokeo yake mwaka 1866, na kwa miaka mingi hakuna aliyemjali. Kazi yake ilikuja kutambuliwa mwaka 1900. Miaka miwili baadaye, 1902, Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba kanuni hizohizo zinawahusu wanyama pia. Mnyama aliyemtumia alikuwa kuku! Alichunguza maumbo ya vilemba vyao vyekundu vya kichwani.

Kanuni yenyewe ni hii. Kwa sifa nyingi, kila kifaranga hupokea chembe mbili za urithi, moja ya baba na moja ya mama. Chembe hizi huitwa pia vinasaba. Baadhi ya chembe zina nguvu, nyingine hujificha. Kifaranga akipata moja yenye nguvu na moja ya kujificha, ile yenye nguvu ndiyo utakayoiona kwa macho. Lakini ile iliyojificha haijafa. Ipo, inasubiri, na inaweza kujitokeza kwa wajukuu.

Na zipo chembe ambazo hazifunikani kabisa. Zikikutana hutoa kitu cha katikati. Mfano ni yule tetea wa kijivu. Kijivu cha namna hii hutokana na chembe moja tu inayopunguza weusi. Kuku mweusi akiwa na chembe moja ya namna hiyo huwa kijivu. Akiwa nazo mbili huwa mweupe-mweupe mwenye madoa ya kijivu. Ndiyo maana ukioanisha kijivu kwa kijivu huwezi kupata kijivu watupu hata ufuge miaka ishirini. Kwa wastani, katika kila vifaranga wanne, mmoja atakuwa mweusi, wawili kijivu, na mmoja wa madoa.

KISHINGO ANAYEDHARAULIWA

Tulimwuliza mama kama kishingo wake ana soko. Akatikisa kichwa. "Wanunuzi wanasema ni mbaya, anafanana na tai. Huyo tunamla sisi wenyewe." Majirani waliokuwapo waliitikia kuwa hata kwao ni hivyo: mgeni akija ghafla, kishingo ndiye wa kwanza kukamatwa.

Mama mwenzangu, hapa ndipo tunapopoteza. Upara wa shingo hutokana na chembe moja ya urithi yenye nguvu. Ukimtazama vizuri kishingo wako utajua amebeba chembe ngapi. Yule mwenye kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo, chini karibu na kifua, ana chembe moja. Yule ambaye shingo yake ni tupu kabisa, au amebakiwa na vinyoya vichache tu, ana mbili.

Kujua hili kunakupa uwezo wa kutabiri. Jogoo mwenye shingo tupu kabisa, hata akiwapanda tetea wa kawaida, vifaranga wake wote watakuwa vishingo wenye kishada. Mwenye kishada akioanishwa na kuku wa kawaida, nusu ya vifaranga watakuwa vishingo. Na wenye kishada wakioanishwa wao kwa wao, katika vifaranga kumi na wawili utarajie kwa wastani watatu wenye shingo tupu, sita wenye kishada, na watatu wa kawaida. Hao watatu wa kawaida hawana tena chembe ya upara. Ukiwafuga peke yao, kishingo hatatokea.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, walieleza jinsi chembe hii inavyozuia manyoya kuota kwenye ngozi ya shingo kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Lakini faida yake ilijulikana zamani. Kishingo ana manyoya pungufu kwa kadiri ya asilimia 20 hadi 40 mwili mzima, siyo shingoni tu. Kuku hatoki jasho, basi ngozi ile iliyo wazi humsaidia kutoa joto. Tena manyoya hujengwa kwa protini. Kuku anayeota manyoya machache hubaki na protini zaidi ya kujenga nyama. Katika maeneo ya joto kali, vishingo wameonekana kukua vizuri kuliko wenzao wenye manyoya kamili. Katika baridi mambo hugeuka. Huko huhitaji banda lisilopitisha upepo, na chakula cha kutosha.

Kwa maneno mengine, anayedharauliwa mnadani Singida angemfaa sana dada anayefuga Dar es Salaam, Tanga au Kilosa, ambako kuku hushinda wakitweta mchana kutwa.

KIDIMU ASIOLEWE NA KIDIMU

Kidimu naye ni wa chembe yenye nguvu. Mwaka 2012 wanasayansi waligundua kwamba chembe hiyo inagusa protini ya unyoya wenyewe, na kuufanya uti wa unyoya upinde. Mwenye chembe moja hupendeza machoni na huishi vizuri. Mwenye mbili ana taabu. Manyoya yake huwa membamba, hukatika upesi, na mara nyingi hubaki karibu uchi. Katika baridi ya Julai huko Singida, kuku wa namna hiyo hawezi kudumu.

Basi shauri ni rahisi: kidimu aoanishwe na kuku wa manyoya ya kawaida. Nusu ya vifaranga watakuwa vidimu, nusu wa kawaida, na hakuna atakayeteseka.

KIFARANGA MWEUPE ALIYELETA MANENO

Mama alitusimulia kisa kilichotufanya tucheke, ingawa mwanzoni hakikuwa cha kuchekesha. Mwaka mmoja tetea wake wa rangi ya udongo aliangua vifaranga kumi, na wawili kati yao walikua wakawa weupe kabisa. Pale kwake hapakuwa na kuku mweupe. Jirani yake ndiye aliyekuwa na jogoo mweupe, na mara yakaanza maneno: huyu anadai sehemu ya vifaranga kwa sababu jogoo ni wake, yule anasema jogoo wa jirani ndiye anayemaliza mtama wake bila kualikwa.

Nani alikuwa na haki? Weupe wa kuku ni wa aina mbili kuu. Upo weupe wenye nguvu, kama wa Leghorn weupe, unaofunika rangi nyeusi. Jogoo aliyebeba chembe mbili za aina hiyo angetoa vifaranga wote weupe au weupe wenye madoa machache. Na upo weupe wa kujificha. Huu hauonekani mpaka kifaranga apate chembe mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Jogoo mwekundu na tetea wa udongo, wote wakiwa wamebeba weupe huo kwa siri, wanaweza kutoa kifaranga mmoja mweupe katika kila wanne. Kwa hiyo vifaranga wawili weupe katika kumi wangeweza kabisa kuwa watoto wa jogoo wa nyumbani.

Lakini jirani naye hakukosea kushuku. Tetea akipandwa mara moja, mbegu ya jogoo hukaa mwilini mwake ikiwa hai kwa wiki mbili na hata zaidi. Mayai ya kiota kimoja yanaweza kuwa na baba wawili au watatu. Kama unataka kuwa na hakika ya baba, mtenge tetea na majogoo wengine kwa wiki tatu kabla ya kuanza kuweka mayai ya kuatamiwa, naye awe na jogoo wako tu.

Wasomaji wengi wanaikumbuka habari ya Yakobo na mifugo yenye madoadoa ya Labani katika kitabu cha Mwanzo, jinsi rangi ya wanyama ilivyogeuka kuwa jambo la ujira na ugomvi wa ukoo. Tangu kale, rangi ya mnyama imekuwa ushahidi wa nani mwenye mali.

DOA LA KICHWANI

Sasa tuje kwa wale tetea wawili wenye milia. Hawa wana siri inayoweza kumfaa mama yeyote, hata kama hajui kusoma.

Kila mfugaji hutamani kujua mapema vifaranga wake ni majogoo au ni tetea. Kwa kuku wengi hulazimu kusubiri wiki kadhaa. Lakini chembe ya milia imekaa kwenye uzi wa urithi unaoamua jinsia. Jogoo ana nyuzi mbili za aina hiyo. Tetea ana mmoja tu, na pembeni yake uko mwingine mfupi usiobeba milia. Uzi huo mmoja wa tetea huenda kwa watoto wake wa kiume peke yao. Mabinti huchukua wa baba yao.

Basi chukua jogoo asiye na milia, kama yule mwekundu, umwoanishe na tetea wenye milia. Vifaranga wote wa kiume watarithi milia ya mama, wote wa kike hawataipata. Na huna haja ya kusubiri manyoya. Siku ya kuanguliwa, kifaranga mweusi mwenye doa jeupe kisogoni ni jogoo. Mweusi asiye na doa ni tetea. Doa huonekana vizuri kwa vifaranga wenye malaika meusi, lakini kwa wale wa njano au weupe usilitegemee. Tena kumbuka kuwa njia hii haigeuzwi. Jogoo mwenye milia kwa tetea wasio na milia hakupi alama yoyote ya kutofautisha. Viwanda vya kuangulia vifaranga duniani hutumia kanuni hii na nyingine za jamii yake, kama vile kutazama urefu wa manyoya ya bawa la kifaranga wa siku moja.

Mama aliposikia hivyo aliuliza jambo lililotunyamazisha kidogo. "Kumbe kwa kuku, mama ndiye anayeleta mume au mke? Na kwa watu je?"

Kwa watu ni kinyume. Mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Yai la mama lipo vilevile kila mara. Ni wanawake wangapi wamesimangwa, wakaletewa wake wenza, hata wakarudishwa kwao kwa kuzaa mabinti watupu? Somo la kuku lilitosha kuuondoa ubaya huo. Mama alimtazama binti yake wa nne, akasema taratibu, "Haya, leo mmenipa neno."

JOGOO ANAYEPANDISHWA BASI

Mpaka hapa huenda msomaji akadhani manyoya ni mapambo tu. Twende mnadani tuone jinsi jambo hili linavyogusa riziki.

Siku ya mnada wanunuzi hufika na matenga matupu. Wanatazama ukubwa, wanapima kwa mkono, na wanatazama rangi. Wapo wanaotafuta kuku wa rangi moja, mweusi tupu au mweupe tupu, kwa ajili ya matambiko, na hao hulipa zaidi. Wengine huogopa weupe kwa sababu mwewe huwaona upesi. Wa mjini hutaka kuku wa rangi mchanganyiko, maana rangi hiyo ndiyo anayoiita "kienyeji". Kumbe siku hizi wapo chotara wa biashara, kama Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa, ambao nao wana manyoya ya rangi mbalimbali. Ni kuku wazuri kwa anayeweza kuwalisha. Ila vifaranga wao hawatafanana na wazazi kwa ukuaji, na tetea wengi wa namna hiyo hawaatamii. Manyoya hayakuambii yote. Kuku mwenye rangi ya kienyeji anaweza asiwe wa kienyeji, na mwekundu si lazima awe mtagaji kuliko mweusi.

Hatari kubwa ni hii. Mnunuzi huchukua jogoo mkubwa kuliko wote. Karibu na Krismasi na Pasaka, bei inapopanda, kila nyumba huuza jogoo wake bora. Anayebaki uani ni nani? Ni pora dogo lililokosa mnunuzi. Huyo ndiye atakayekuwa baba wa vifaranga wote wa mwaka unaofuata. Ukubwa wa mwili nao ni wa kurithi, ijapokuwa huamuliwa na chembe nyingi kwa pamoja. Fanya hivyo miaka kumi mfululizo, na kundi zima litapungua mwili bila ugonjwa wowote.

Akina mama wa kijiji kile walikuwa wameshaliona. "Zamani jogoo mmoja alitosha wageni sita," alisema bibi mmoja. "Sasa ukichinja mmoja, wenyeji wanasubiri mchuzi." Walidhani ni dunia tu imebadilika. Sababu moja iko ndani ya yale matenga yanayopakiwa kwenye basi.

Na wakati kuku wakubwa wanaondoka, kishingo anayestahimili joto anachinjwa kwa kuwa eti ni mbaya. Nchi yetu ina hazina ya kuku wa asili: kuchi wa miguu mirefu na mwili mkubwa, ching'wekwe wa miguu mifupi, na wengine wengi wanaojulikana kwa majina ya mahali walipo. Hazina hiyo haitunzwi maabara. Inatunzwa uani, na mtunzaji wake ni mama anayeamua jogoo yupi abaki na yupi auzwe.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa anayetaka kuanza, haya yanatosha:

1. Chagua jogoo kabla mnunuzi hajafika. Tazama mwili, afya na mama yake: je, alitaga vizuri, alilea vifaranga wake? Mfunge uzi mwekundu mguuni, na watu wote wa nyumbani wajue kuwa huyo hauzwi. Anatosha tetea kumi.

2. Usimwache akapanda mabinti zake. Baada ya mwaka hivi, badilishana jogoo na mama wa kijiji cha mbali, mwenye kuku wazuri. Damu ngeni huongeza nguvu.

3. Kama kuku wa majirani huchanganyika, shaurianeni. Nyumba tano zikikubaliana juu ya jogoo wazuri wawili, zote zitafaidika, na maneno ya vifaranga weupe yatakwisha.

4. Kuwa na daftari. Andika tetea gani aliatamia, mayai mangapi, vifaranga wa rangi gani, wangapi walifika miezi mitatu. Baada ya misimu miwili utaanza kuona nani amebeba nini.

5. Usimwondoe kuku kwa sababu ya sura yake. Kama unaishi penye joto, mpe kishingo nafasi. Kidimu naye apewe mwenzi wa manyoya ya kawaida.

6. Chanja dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ipo chanjo inayostahimili joto, hutengenezwa hapa nchini, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Mwulize bwana au bibi mifugo wa kata yako. Bila chanjo, kuchagua kote ni kazi bure, maana mdondo unaweza kumaliza banda zima kwa wiki moja.

Tetea wetu wa kienyeji hutaga kiasi cha mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na mengine huyaatamia mwenyewe. Si mengi. Ndiyo sababu kila kiota kina thamani, na baba wa kila kiota asipatikane kwa bahati. Mama wa Ikungi alitueleza kwamba mwaka huu jogoo wake mwekundu hatapanda basi, hata mnunuzi atoe bei gani, na wale tetea wawili wenye milia watawekwa naye peke yao. Anataka kuliona doa kwa macho yake.

Nawe, mama mwenzangu, uliye na kuku watatu nyuma ya nyumba Morogoro, Kahama au Mbeya, kesho asubuhi ukifungua banda usiwahesabu tu. Watazame vizuri shingo, manyoya na milia, kisha uamue ni jogoo yupi atakayebaki.